KUTU KWENYE DISKI ZA BREKI: SOMO NILILOPATA KWA KUKOSEA

Wenzangu katika kurasa hizi wameandika kuhusu ngeli, methali na fasihi simulizi. Mimi nimeamua kuandika kuhusu kutu. Usicheke! Ukimaliza kusoma utaona kwamba kutu inaweza kuua, na kwamba elimu ya nusu inaweza kuua haraka zaidi ya kutu yenyewe. Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe nusura niwaue watu watano, na mmoja wao ni mama yangu mzazi.

KISA CHENYEWE

Kwetu ni Homa Bay, upande wa barabara inayoelekea Rongo. Baba mdogo ana gari aina ya Probox ambalo hubebea abiria. Kila mtu wa huku anazijua gari hizi: zina breki za diski magurudumu ya mbele na breki za ngoma magurudumu ya nyuma. Sasa, baba mdogo alivunjika mkono, gari likakaa wiki tano chini ya mwembe, kwenye nyasi, na ulikuwa ni msimu wa mvua ya masika. Ile mvua ya kutoka ziwani mnaijua. Inanyesha jioni, usiku mzima umande, asubuhi jua kali.

Mkono ulipopona nilikuwa nimefunga shule, likizo ya Aprili. Aliniambia, "Kesho tunapeleka nyanya yako Migori. Osha hiyo gari vizuri, ing'are."

Nikaosha. Nilipochungulia kati ya matundu ya rimu nikaona diski za mbele zimekuwa nyekundu kama udongo wa kichuguu. Mimi nikajipiga kifua: hii si kutu? Na si tulifundishwa kidato cha kwanza, katika mada ya hewa na mwako, kwamba mafuta huzuia kutu? Nikachukua oili chafu ya injini iliyokuwa kwenye kopo, nikachovya kitambaa, nikapaka diski zote mbili, nje na ndani, mpaka zikang'aa. Nikalala nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi ambayo hakutumwa.

Asubuhi tukaingia: baba mdogo kwenye usukani, nyanya mbele, mama, mimi na mdogo wangu nyuma. Kutoka boma letu mpaka barabara kuu ni mteremko. Tulipokaribia barabara baba mdogo akakanyaga breki. Gari likapunguza mwendo kidogo tu, likaendelea kuteremka. Akakanyaga tena. Mbele yetu mama mmoja alikuwa anapita na beseni la samaki kichwani. Baba mdogo akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote na kukata usukani kushoto. Tukatua mtaroni, gurudumu moja likining'inia. Yule mama wa samaki alikuwa hatua tatu hivi kutoka mdomo wa gari. Alisimama hapo hapo, beseni halijatikisika, akatutazama bila kusema neno.

Hakuna aliyeumia. Lakini nyanya alikuwa akitetemeka midomo, na baba mdogo akaanza kumlaumu fundi aliyekuwa ametengeneza breki hizo miezi miwili nyuma. Alisema atamtafuta, atamshtaki, atamharibia jina soko nzima.

Na mimi nikanyamaza. Naam, nilinyamaza. Nilijua, lakini ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Akaitwa fundi mwingine, mzee, akaja na boda boda na kisanduku chake cha spana. Akafungua gurudumu, akapitisha kidole kwenye diski, akanusa.

"Omera," akamwambia baba mdogo, "hii ni oili. Nani alipaka oili hapa?"

Kimya. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Jaduong', ni mimi. Nilikuwa naondoa kutu."

Nilingoja kofi. Mzee hakunipiga, na baba mdogo hakuweza hata kuongea. Mzee akanipa spana, akasema, "Njoo hapa chini. Umekosea kwa sababu ya kujua kidogo. Leo utajua yote."

Makala haya ni yale niliyojifunza siku hiyo, pamoja na niliyoongezewa baadaye kwenye gereji ya jua kali mjini Migori, ambako nilikuwa nikipita Jumamosi tukipewa ruhusa ya kwenda mjini.

KUTU NI NINI?

Kutu hutokea chuma kinapokutana na vitu viwili kwa pamoja: hewa ya oksijeni na maji. Kimoja pekee hakitoshi. Ukitaka kuhakikisha, fanya jaribio hili ambalo kila maabara ya shule inaweza kulifanya. Chukua misumari mitatu mipya na chupa tatu.

(a) Chupa ya kwanza: msumari na maji ya kawaida, ukiacha hewa iingie.
(b) Chupa ya pili: msumari ndani ya maji yaliyochemshwa ili kutoa hewa, kisha mafuta ya kupikia yamwagwe juu ili hewa isirudi.
(c) Chupa ya tatu: msumari na kemikali ya kufyonza unyevu, kama kalisi kloridi, kisha chupa izibwe.

Baada ya wiki moja, msumari wa kwanza utakuwa na kutu. Hiyo mingine miwili itabaki karibu kama ilivyokuwa. Ukiongeza chumvi katika chupa ya kwanza, kutu itakuja haraka zaidi. Ndiyo maana gari la Mombasa au Lamu, linalopigwa na upepo wa bahari, huoza mapema kuliko la kwetu. Ziwa Viktoria ni la maji baridi yasiyo na chumvi ya bahari, lakini tusijidanganye: unyevu upo mwaka mzima, na mvua zetu hazina haya.

Jambo jingine: kutu ni kama ukurutu wenye vitundu. Alumini ikikutana na oksijeni hutengeneza utando mgumu unaoilinda. Kutu haifanyi hivyo. Inamenyuka, inaacha chuma wazi, maji yanaingia tena, na kazi inaendelea. Bandu bandu huisha gogo.

DISKI YA BREKI HUFANYA NINI?

Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Dereva akikanyaga pedeli, mafuta ya breki husukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa, na pistoni hubana padi mbili dhidi ya diski, moja kila upande. Msuguano hupunguza mwendo, na nishati ya mwendo hugeuka kuwa joto.

Joto kiasi gani? Tupige hesabu kidogo, maana mwalimu wetu wa fizikia pia husoma jarida hili. Tuseme gari na abiria wake lina uzito wa kilo 1,500 na linakwenda kilomita 80 kwa saa, yaani karibu mita 22 kwa sekunde. Nishati yake ni nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo. Utapata takriban kilojuli 370. Joto hilo linatosha kuchemsha lita moja ya maji ya chai! Na ukipunguza mwendo uwe kilomita 40 kwa saa, nishati haipungui kwa nusu bali inabaki robo tu. Wanaokimbiza matatu kati ya Rongo na Migori wasome aya hii mara mbili.

Kwa sababu ya joto hilo, diski nyingi za magari hutengenezwa kwa chuma cha kusubu. Chuma hiki hustahimili joto, hulisambaza vizuri, na bei yake si kali. Ubaya wake ni mmoja: kinapenda kutu. Wala huwezi kukipaka rangi mahali padi zinapogusa, kwa kuwa padi zitaikwangua siku hiyo hiyo. Uso wa diski lazima ubaki uchi.

Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa. Katika chupa ya maabara, msumari hauna kazi yoyote. Mafuta yanaufaa. Lakini kazi ya diski ni msuguano, na kazi ya mafuta ni kuondoa msuguano. Nilikuwa nimeikinga diski dhidi ya kutu kwa kuinyang'anya kazi yake. Na kwa kuwa gari likisimama uzito huelemea mbele, breki za mbele ndizo zenye kazi kubwa zaidi. Sisi tuliokolewa na breki ya mkono, ambayo hushika ngoma za nyuma, na ngoma hizo sikuzigusa.

NGAZI TATU ZA KUTU

Fundi wa Migori alinifundisha kutofautisha kutu kwa ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni kutu ya usiku mmoja. Gari limenyeshewa au limeoshwa, asubuhi diski ina rangi ya machungwa. Hii si ugonjwa. Endesha polepole mahali salama, kanyaga breki kwa upole mara sita hadi kumi, na padi zenyewe zitaifuta. Usipake chochote!

Ngazi ya pili ni kutu ya wiki kadhaa. Ukiendesha unasikia mkwaruzo, pedeli inatetemeka mguuni, na ukitazama unaona alama ya padi imechorwa kwenye diski pale zilipokuwa zimekaa. Ikiwa mkwaruzo hauishi baada ya mwendo mfupi, gurudumu lazima lifunguliwe. Gari letu lilikuwa ngazi hii.

Ngazi ya tatu ni kutu iliyokula. Diski ina mashimo, ina mifereji, ukingo wake unamenyuka vipande, au imekuwa nyembamba. Kwenye diski nyingi kumeandikwa unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Fundi hupima kwa kipimio, akilinganisha sehemu kadhaa. Kama imepungua kuliko hapo, haipigwi msasa, haikerezwi. Inatupwa, na zinanunuliwa mbili, kulia na kushoto, ili gari lisivute upande mmoja.

JINSI YA KUONDOA KUTU YA NGAZI YA PILI

Kazi hii ifanywe na fundi, au wewe ukiwa chini ya macho ya fundi. Hatua ni hizi:

1. Simamisha gari mahali tambarare. Weka gia, ziba magurudumu ya nyuma kwa mawe au vigingi.

2. Legeza nati za gurudumu kidogo kabla ya kuinua. Kisha piga jeki na uweke stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Lile gurudumu ulilolitoa, lilaze chini ya gari liwe akiba.

3. Fungua boliti za kalipa. Ining'inize kwa waya. Usiiache ibebwe na mpira wa mafuta ya breki, kwani utachanika ndani bila wewe kuona.

4. Toa diski. Ikikwama, usiitwange nyundo kama unapasua kuni. Diski nyingi zina matundu mawili yenye hesi; ingiza boliti mbili za saizi yake, zikaze kwa zamu, nazo zitaisukuma itoke.

5. Sugua kwa brashi ya waya, kisha msasa, kwa mwendo wa duara, pande zote mbili. Sugua pia uso wa habu, pale diski inapokaa. Hapo wengi husahau. Punje ya kutu hapo huifanya diski ikae upande, na gari litatetemeka hata kama diski ni mpya.

6. Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Padi za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi la aina yoyote si rafiki wa mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholowa.

7. Osha diski kwa dawa maalumu ya kusafishia breki. Ukikosa, tumia maji moto na sabuni, suuza, ukaushe mara moja kabisa. Petroli usiitumie: moto hauna rafiki.

8. Padi zilizolowa oili au grisi zibadilishwe. Kuna watu huzimwagia petroli na kuzichoma ati oili itoke. Mzee aliniambia, "Padi ni kama sponji. Ikinywa imenywa." Baba mdogo alinunua padi mpya siku hiyo, na nauli ya safari ya Migori ikaishia hapo.

9. Pini za kalipa zisafishwe, zipakwe grisi yake maalumu ili kalipa iteleze. Hapo ndipo pa grisi. Kwenye uso wa diski na wa padi, hata tone moja hapana!

10. Rudisha kila kitu, kaza nati kwa kurukaruka kama mchoro wa nyota, usizifuate kwa duara. Kabla gari halijasogea, pampu pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Anayesahau hatua hii ataondoka bila breki.

11. Jaribu kwa mwendo wa chini, penye nafasi. Padi mpya zifundishwe kwa kukanyaga kwa wastani mara kadhaa, ukiziacha zipoe kidogo katikati.

Jambo la kuongezea: diski mpya kutoka dukani nyingi hupakwa mafuta ya kuzuia kutu zikiwa kwenye boksi. Lazima zioshwe kabla ya kufungwa. Kumbe hata kiwandani wanapaka mafuta! Tofauti ni kwamba wao wanajua diski hiyo bado iko kabatini, na anayeifunga ataisafisha.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Kutu haiwezi kukomeshwa kabisa kwenye diski, lakini inaweza kupunguzwa. Fuata haya:

- Usiegeshe gari kwenye nyasi au tope kwa muda mrefu. Tafuta saruji, kokoto au mahali pakavu penye paa.
- Ukiosha gari, liendeshe kidogo na ukanyage breki mara kadhaa kabla ya kuliegesha, ili joto likaushe diski.
- Gari likikaa, liendeshwe angalau mara moja kwa wiki. Chuma kinachofanya kazi hakilali na kutu.
- Likiwa la kukaa muda mrefu, usivute breki ya mkono, kwani inaweza kugandana. Tumia gia na vigingi mahali tambarare.
- Gari lililopita kwenye mafuriko, kama yale ya Mto Kuja kule Nyatike, likaguliwe breki zote. Ngoma za nyuma hushika maji na matope ndani.
- Habu na ukingo wa diski, pale pasipoguswa na padi, panaweza kupakwa rangi inayostahimili joto.
- Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, yakaleta kutu ndani kwa ndani. Fundi wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Na tafadhali, tusioshee magari ndani ya ziwa. Oili huchafua maji tunayoyanywa, na maji yenyewe yana kichocho. Waosha magari wa ufuoni Kisumu wamechunguzwa na watafiti kwa miaka mingi kwa sababu ya ugonjwa huo.

Swali ambalo wengi huniuliza: mbona diski ya pikipiki haina kutu na ya gari inayo? Jibu ni kwamba diski nyingi za pikipiki hutengenezwa kwa chuma cha pua kilichochanganywa na kromi. Kromi huunda utando mwembamba unaozuia kutu. Pikipiki ni nyepesi, joto lake si jingi, kwa hivyo chuma hicho kinatosha.

KISWAHILI CHA GEREJI

Hili ni jarida la Kiswahili, basi tusiagane bila msamiati:

Kalipa: kibanio kinachoshika padi.
Padi: kipande kinachobana diski.
Ngoma: breki ya duara iliyofunikwa, ya nyuma.
Habu: kitovu cha gurudumu.
Msasa: karatasi ya kusugulia.
Kukereza: kuchonga chuma au mti kwa mashine inayozunguka.
Chuma cha kusubu: chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu.
Chuma cha pua: chuma kigumu kinachotengenezewa visu na vyombo.

Neno kutu liko katika ngeli ya I-ZI: kutu hii imekula chuma. Twasema chuma kimeshika kutu, kimeota kutu au kimeingia kutu. Hata akili isiyotumiwa huambiwa imeshika kutu.

MAZOEZI

1. Kwa nini mafuta yanafaa kwa msumari lakini hayafai kwa uso wa diski?
2. Taja vitu viwili vinavyohitajika ili kutu itokee.
3. Kwa nini diski hubadilishwa mbili kwa pamoja?
4. Jadili: "Ulimi mzito hugharimu zaidi kuliko padi mpya."

Swali la nne nimelitunga kwa ajili yangu. Baada ya Mzee kumaliza kazi, baba mdogo alikaa kwenye jiwe muda mrefu. Kisha akaniambia, "Yule fundi wa kwanza, nilikuwa naenda kumharibia jina. Ungenyamaza, ningemharibia." Sikuwa na jibu. Jioni hiyo tulitembea naye mpaka barabarani kumtafuta yule mama wa samaki tumwombe msamaha. Tulimkuta anauza. Akatuambia, "Nendeni mkatengeneze gari." Baba mdogo akanunua samaki wanne, nami nikawabeba mpaka nyumbani.

Siku hizi Probox ile ikinyeshewa usiku, ni mimi ninayetumwa asubuhi kutazama diski. Nazikuta zina ile rangi ya machungwa. Naziacha hivyo hivyo. Baba mdogo anawasha gari, anateremka polepole, anakanyaga breki mara sita, saba, nane, kabla ya kufika barabara kuu, nami nasimama mlangoni nikihesabu.